Karafuu za shamba lisilogawiwa ni za nani?



Mintarafu ya mirathi, watu wengi hudhani kuwa ugomvi wa ndugu hutoka katika mafungu: huyu kapata mawili, yule kapata moja. Kwa nilivyoona katika vijiji vyetu vya Pemba, nasema sivyo. Mafungu hayana ugomvi. Yamekwisha wekwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, na kadhi huyapigia hesabu asubuhi moja akamaliza. Sijapata kuona mtu akasimama mbele ya kadhi akasema kuwa thumuni si thumuni. Ugomvi hutoka mahali pengine kabisa, nako ni katika zile karafuu zilizochumwa baada ya mwenye shamba kufa na kabla ya shamba kugawiwa. Nani alizichuma? Zilikuwa pishi ngapi? Wachumaji walilipwa nini? Fedha iko wapi?

Wa kuulizwa maswali hayo ni mtu mmoja tu, naye ni msimamizi wa mirathi. Mimi nimepata kuwa msimamizi, na nimepata kuulizwa, na sikuwa na jawabu. Kwa hivyo msidhani kuwa nataka kuwafundisha watu wazima. Naeleza yaliyonipata.

Kwanza tujue msimamizi ni nani. Marehemu akimtaja mtu katika wasia wake kuwa asimamie mali, huyo huitwa wasii. Asipomtaja mtu, warithi huchagua wao kwa wao, khalafu humpeleka mbele ya mahakama ya kadhi, ambayo kwa sasa inafanya kazi kwa Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017, apate kuthibitishwa. Wakishindwa kuelewana, au wakiwapo watoto wadogo wasio na wa kuwasimamia, ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kusimamia mali za Waislamu waliofariki. (Wanachama wasiokuwa Waislamu mambo yao huenda mahakama za kawaida, na sheria yake ni nyingine; hayo sitayaingilia.)

Kwetu aghlabu msimamizi huwa ni mtoto mkubwa wa kiume, na aghlabu huwa ndiye yule yule aliyebaki shambani wakati wenzake wamekwenda Unguja, Dar es Salaam au Maskati kutafuta maisha. Hapo ndipo penye khatari. Mtu huyo ana nafsi mbili. Ni mrithi kama wenzake, na pia ni mwenye amana ya wenzake. Fedha hutoka nafsi hii ikaingia nafsi ile bila ya mwenyewe kutambua, khasa kama mfuko ni mmoja.

Baba yetu alifariki miaka michache kabla ya bei ya karafuu kupandishwa mwaka 2011. Aliacha mke mmoja, ambaye ni mama yangu. Watoto wawili wa kiume, yaani mimi na ndugu yangu wa mama mwingine. Na watoto wa kike watatu, wote wa mama yangu. Wazee wake yeye baba walikuwa wamekwisha tangulia. Aliacha shamba la mikarafuu 160, nyumba ya kukaa, na deni dogo dukani. Kwa kadhi hesabu ilikuwa nyepesi. Mke ana thumuni, na kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Ikawa mafungu manane sawasawa: mama moja, sisi wawili mawili mawili, dada zetu moja moja. Kwa mikarafuu 160 kila fungu ni mikarafuu 20. Mama 20, mimi 40, ndugu yangu 40, na kila dada 20. Karatasi ile nilipewa, nikaikunja, nikaitia sandukuni. Niliona kazi imekwisha.

Msimu ukaingia. Mikarafuu haingoji eda wala arubaini, karafuu zisipochumwa hupasuka zikaharibika juu ya mti. Nikatafuta wachumaji, nikapiga kambi, tukachuma, tukachambua, tukaanika, nikapeleka kituoni. Fedha nikaitumia. Wallahi sikuitumia kwa ubaya. Nililipa hitima ya baba, nikatengeneza paa la nyumba ya mama, nikamlipia mdogo wangu masomo, nikanunua majamvi mapya, na baiskeli nikanunua, kwani nilikuwa nikienda na kurudi kituoni kwa miguu. Msimu wa pili ukaja nikafanya vivyo hivyo. Sikuandika hata mstari mmoja.

Siku moja dada yangu anayekaa Unguja alikuja kwa meli kutuzuru. Usiku, tumekwisha kula, akaniuliza, "Kaka, mwaka huu karafuu zilikuwa magunia mangapi?" Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu aulizavyo khabari ya mvua. Nami nikakasirika, kwa sababu sikujua jawabu. Nikamwambia, "Wewe umeolewa, una mumeo, karafuu za nini?" Akanyamaza. Asubuhi akafunga mzigo wake. Idi iliyofuata hakuja, na ya pili yake hakuja.

Neno hilo la "wewe umeolewa" nimelisikia katika nyumba nyingi, na walisemao hulisema kama kwamba ni sheria. Si sheria ya mahali popote. Mwanamke hana fungu lake kwa sababu ya kukosa mume, analo kwa sababu ni mtoto wa marehemu. Tena kuna jambo jingine linalofanana na hilo, nalo ni samahani ya dada. Huitwa mbele ya wazee, huulizwa, "Je, umewasamehe kaka zako?" naye kwa haya husema nimesamehe, ilhali hajaambiwa anasamehe nini. Kwa wanavyuoni wetu wa Kishafi, hiba ya kitu kisichojulikana haisimami. Msimamizi asiikubali samahani hiyo. Kwanza amkabidhi dada fungu lake, alione, alishike, na karafuu za msimu mmoja azichume mwenyewe. Akitaka kumpa kaka yake baada ya hapo, hiyari yake, na iandikwe.

Sasa nije katika kanuni yenyewe, ambayo laiti ningaliijua siku ile isingalinifika aibu. Tangu siku ya mauti mpaka siku ya mgawanyo, shamba ni mali ya warithi wote kwa shirika, kila mmoja kwa fungu lake. Kwa hivyo kila karafuu itokayo katika shamba hilo ni ya wote kwa mafungu yale yale. Hutolewa gharama zake za haki, nazo ni palizi, ujira wa wachumaji, kuchambua, kuanika, na gari ya kupelekea kituoni, kilichobaki hugawiwa. Mathalan msimu umetoa, baada ya gharama zote, shilingi milioni 4. Kwa warithi kama sisi fungu moja ni shilingi 500,000. Mama angepata 500,000, kila dada 500,000, na sisi wanaume milioni moja kila mtu. Hayo ndiyo ya msimu mmoja tu. Watu wengine hukaa misimu kumi.

Ama yule aliyebaki shambani akapalilia na kulinda, je, hana chochote? Anacho, na si haki kumdhulumu. Mara nyingi ndugu wa mjini husahau kuwa shamba haliji likajifyeka lenyewe. Walakini ujira wake na upatanwe mapema, mbele ya wenzake, uwe wa fedha kadhaa au sehemu kadhaa ya mavuno, uandikwe pamoja na gharama nyingine. Kosa ni kujikatia mwenyewe baadaye, kimya kimya, kwa kuwa "mimi ndiye niliyetaabika".

Daftari la kufanya hayo ni daftari la kawaida la shule. Ukurasa mmoja iwe siku, pishi zilizochumwa, jina la mchumaji na alicholipwa. Ukurasa wa pili iwe karafuu kavu zilizopelekwa kituoni cha ZSTC, uzito na fedha, na karatasi ya malipo ibandikwe hapo hapo. Mwisho wa msimu daftari lisomwe mbele ya warithi, na aliye mbali apigiwe simu asomewe. Kuna watu huona kuwa kuandika hesabu baina ya ndugu ni kutoaminiana. Nami nilikuwa nikisema hivyo, kwa kuwa hesabu nilikuwa sina.

Kabla ya kugawa chochote kuna mambo yanayotangulia, na utaratibu wake haubadiliki. Huanza gharama za maziko. Mjue kuwa sanda na kaburi ni katika mali ya marehemu, lakini pilau la hitima silo. Anayetaka kulipika alipike kwa fungu lake, na fungu la mtoto mdogo lisiguswe kwa ajili hiyo. Khalafu madeni. Watu hukumbuka deni la dukani na fedha zilizochukuliwa kwa kukodisha mikarafuu kabla ya msimu, wakasahau deni kubwa lililo ndani ya nyumba, nalo ni mahari ya mke ambayo marehemu hakuimaliza. Hilo ni deni kama deni jingine, na mke hulipwa kwanza, kisha ndipo apewe thumuni yake. Msimamizi pia ana kazi ya kudai wale waliokuwa na fedha za marehemu.

Baada ya madeni ni wasia, nao haupiti thuluthi ya kilichobaki. Tena wasia wa kumpa mrithi haupiti ila wenziwe wakubwa wakiridhia baada ya mauti. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi mzee akiwa mgonjwa humwambia mtoto aliyemuuguza, "Mikarafuu ya bondeni ni yako." Maneno hayo ni mazito moyoni, lakini kwa msimamizi ni wasia kwa mrithi, na hayana nguvu pasipo ridhaa ya wenzake. Kama mzee alitaka kweli kumpa, angempa akiwa mzima, akamkabidhi, mtoto akachuma kama mali yake watu wakiona. Hiyo ni hiba, na haimo katika mirathi kabisa. Msimamizi ajihadhari asichanganye hizi mbili, kwani zote husimuliwa kwa maneno mamoja.

Kadhalika ajue kipi ni cha marehemu na kipi si chake. Kwetu visiwani mwenye mti si lazima awe ndiye mwenye ardhi, na katika shamba moja unaweza kukuta minazi ya jirani, mikarafuu aliyopanda mtoto kwa ruhusa ya baba, na mwembe wa wakfu. Na kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 ardhi yote ni ya umma, na alicho nacho mtu ni haki ya kuitumia, ambayo warithi huirithi. Wale waliopewa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 hati zao zina masharti yake. Msimamizi azipeleke afisi ya ardhi zikasomwe, asithubutu kukata vipande kabla ya hapo.

Sasa mgawanyo wenyewe. Mtu akisikia mikarafuu 20 kwa kila fungu hudhani kuhesabu kumetosha. Mkarafuu wa miaka kumi na mitano ulio juu ya udongo mzuri haulingani na mkongwe uliokwisha kauka matawi nusu, wala ule wa karibu na njia haulingani na ule wa bondeni ambako mchumaji hudai ziada kwa kubeba mzigo mlimani. Kwa hivyo kwanza mikarafuu itembelewe yote, na sheha, majirani wa mipakani na warithi wawepo, kila mmoja uandikwe: unazaa, mchanga, au unakufa. Khalafu wazee wawili wanaojua karafuu, wasio na fungu humo, wapange mafungu yalingane kwa thamani, hata kama fungu moja litakuwa na miti 17 na jingine 24. Kisha ipigwe kura. Wenye mafungu mawili wapewe yanayopakana wasije wakakanyagana na wenzao. Msimamizi asipange mafungu akachagua la kwanza yeye, na akitaka kununua fungu la mwenzake asijiuzie mwenyewe kwa bei aliyoikadiria mwenyewe. Aende kwa kadhi.

Shamba likiwa dogo hata likikatwa halimfai mtu, ndugu mmoja anaweza kuwalipa wenzake kwa thamani, au wakaliacha zima wakachuma kwa zamu kwa mkataba ulioandikwa. Hayo ya zamu mimi siyapendi sana, kwa kuwa mkarafuu una mwaka wa kuzaa na mwaka wa kupumzika, na mwenye zamu ya mwaka mbaya hujiona amedhulumiwa hata kama hakudhulumiwa. Heri kugawana fedha za kila msimu.

Akiwapo mtoto mdogo fungu lake litengwe peke yake na mapato yake yaandikwe peke yake mpaka abaleghe na apate akili ya kushika mali, ndipo akabidhiwe mbele ya mashahidi. Mke akiwa na mimba, mgawanyo wa mwisho hungoja.

Nimebakisha jambo la kuchelewa, nalo ndilo linaloniuma. Mwaka wa tatu baada ya baba, shamba bado halijagawiwa, mama yangu akafariki. Kwa hesabu, mikarafuu yake 20 iliingia katika mirathi ya pili. Ndugu yangu wa mama mwingine hamrithi yeye, kwa hivyo ilikuwa yangu mimi na dada zangu watatu, mafungu matano ya mikarafuu minne minne: mimi 8, na kila dada 4. Ikawa mimi 48, ndugu yangu 40 vile vile, na dada zangu 24 kila mmoja. Hesabu hiyo bado ni rahisi. Angalikufa dada mmoja naye, akaacha mume na watoto, mume angedai robo ya mikarafuu 24, na watoto wake waliobaki wagawane 18. Na hivyo hivyo mpaka mjukuu mmoja ana haki ya tawi la mkarafuu. Yapo mashamba katika kisiwa hiki yaliyofika hapo, na hakuna anayeyapalilia, kwa sababu hakuna anayejua analipalilia la nani.

Lakini si hesabu iliyoniuma. Kadhi aliniuliza, "Mwanangu, mama yako katika miaka hiyo alipata nini?" Nikamjibu kuwa nilimtunza, nilimpa kila alichohitaji, paa nikamtengenezea. Akasema, "Nakuuliza fungu lake." Mama yangu alikufa ana mikarafuu ishirini, wala hakupata kuchuma hata mmoja ukawa wake. Kila alipotaka kanga aliniomba. Na alipokuwa akiniomba alikuwa akiomba katika fedha yake.

Tulifika kwa kadhi baada ya 2011. Bei ilipokuwa ndogo hakuna aliyeulizia shamba, na ilipopanda kila mtu akakumbuka kuwa yeye ni mrithi. Nasema hivi si kwa kuwalaumu wenzangu. Ndugu yangu ndiye aliyefungua madai, nami wakati ule nilimwona adui. Nilitakiwa nilete hesabu ya misimu yote. Zile karatasi za kituoni nilizokuta sandukuni zilikuwa chache, nyingine zimeliwa na mende. Iliyobaki tukaikadiria kwa ushahidi wa wachumaji na majirani. Ikaonekana nimetumia zaidi ya fungu langu. Baiskeli ikahesabiwa kwangu, na hitima ikahesabiwa kwangu, kwa kuwa sikuwaomba wenzangu ridhaa. Gharama za majamvi na palizi nikarejeshewa. Nililipa kwa misimu miwili kutoka katika mikarafuu yangu.

Shamba liligawiwa kwa kura asubuhi ya Jumamosi, na kabla ya adhuhuri mipaka ilikuwa imekwisha tiwa alama. Kazi niliyoikimbia miaka yote ile ilichukua siku tatu, pamoja na kuhesabu. Dada yangu wa Unguja kura yake iliangukia upande wa njiani. Ameajiri mtu wa palizi, ametia miche mipya mahali palipokuwa na visiki, na kila msimu huja kwa meli kusimamia kambi yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza alifikia kwa jirani. Mwaka wa pili alifikia kwangu. Amenunua daftari, huandika pishi kila jioni chini ya taa, na akimaliza hunisogezea nitie saini kuwa nimeshuhudia.